Masikio ya Fundi Opendi

Upande wa Kenya mimi nina miaka hamsini na miwili. Nikishavuka mpaka hapo Busia na kuingia Uganda, nina arobaini na sita. Vitambulisho vyote viwili ni vyangu, sura ni yangu, jina ni lile lile, Maximilla. Ni mwaka wa kuzaliwa tu ambao haukuelewana na karani. Nayasema mwenyewe mapema ili msinisemee, kwa maana siku hizi Masinya nzima, huku upande wa Uganda, inajua. Zamani ilikuwa siri, nami niliitunza mahali nilipoamini hapaingii mwizi: mashineni, pembeni mwa Fundi Opendi, mwanamume ambaye sote tuliapa kwamba hasikii.

Fabiano Opendi ni mtu wa Paya, kule Tororo. Alikuja Masinya miaka kumi na tisa iliyopita kuendesha mashine ya kusaga ya Mukhwana, akiwa na sanduku moja la bati na mke mgonjwa. Mke alifariki mwaka wa tatu, sanduku lingalipo. Analala katika chumba kilicho nyuma ya mashine, shamba lake la Paya wanalilima kaka zake, na tangu nimjue sijamwona hata siku moja bila unga kwenye kope. Ni mpole kupita kiasi, mpaka unatamani umfinye ujue kama kuna mtu ndani. Sauti yake ni ndogo mno, na akikusemesha huna budi kumsogelea na kutega sikio.

Kwamba ni kiziwi tulijua kwa sababu kila mmoja alishamjaribu. Jumapili kanisani watu wakiambiwa wasimame, Opendi hutazama kwanza majirani ndipo asimame. Injini ikiwa imezimwa, ukimwita kwa nyuma mara tatu, yeye anaendelea kufagia. Tukaamua kwamba mashine imemla masikio. Tukamwonea huruma, na kwa kuwa tulishamwonea huruma, tukaona hakuna haja tena ya kumwonea haya.

Kama hujasimama ndani ya chumba cha kusagia huwezi kunielewa. Kuna injini ya dizeli inayonguruma mpaka meno yanakuwasha, kuna mkanda mrefu unaochapa hewani, kuna nyundo za chuma zinazoponda mahindi tumboni mwa mashine, na juu ya yote kuna mabati yanayotetemeka. Humo tunasimama na ndoo zetu, Wasamia, Wateso, Wapadhola na sisi wa kutoka Kenya, na kwa kuwa hatuna lugha moja ya nyumbani tunasema Kiswahili, kila mmoja akikivunja anavyojua. Ukiwa na neno ambalo huwezi kulisema nyumbani kwa sababu ya wakwe, wala kanisani kwa sababu ya mwenyekiti wa akina mama, unangoja siku ya kusaga. Mwenzako akikuuliza habari njiani unamwambia hiyo ni ya mashineni, naye anaelewa. Mkifika mnakaribiana, mnakinga viganja, na kila mtu anaamini ananong'ona.

Mimi huuza uji hapo mlangoni, uji wa wimbi na muhogo, kwa hiyo nilikuwepo siku zote. Nami si wa kupitwa. Wanawake thelathini wakisema kwa mpigo mmoja na injini inanguruma, mtu akitaja jina la Mama Lenox kule pembeni kwa nia ya kunisengenya, nageuka kabla hajamaliza. Lenox ni mwanangu wa kwanza. Nilijivunia masikio yangu sana, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini mwingine asiwe nayo.

Basi tulisema. Teopista, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ambaye amewafanya wanaume kumi na wawili kuapa hadharani kuacha pombe, alisimulia mashineni kuhusu mrija wake mwenyewe wa kunywea pombe ya mtama, uliofichwa kwenye paa la jikoni kwa wifi yake. Goretti alisimulia habari za yule mbuzi ambaye mumewe aliambiwa amekufa kwa kuharisha. Mbuzi yuko Sikuda kwa mama yake Goretti, amezaa mara tatu. Mimi nilisimulia vitambulisho vyangu, tena kwa madoido, nikionyesha kwa vidole tofauti ya miaka. Opendi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, akimimina mahindi, midomo ikimcheza cheza kama kawaida yake. Tulidhani anasali rozari.

Na kulikuwa na Kevina. Kevina ni mjane wa Sikuda, mrefu, mikono ya mtu aliyelima tangu utotoni. Kila Jumanne anakuja kwa baiskeli na gunia la muhogo mkavu na mtama. Hakuwa na rafiki maalumu wa kumnong'oneza. Alikuwa anasimama karibu na mdomo wa mashine, pale nafaka inapomiminwa, akitazama ukuta, na kusema tu ovyo. Atasema shati la fundi limekatika kifungo na ni aibu mwanamume mzima kutembea kifua wazi. Atasema ndevu zile zinamzeesha. Atasema chakula cha kupika mara moja na kula siku tatu kitamuua mtu. Siku moja, na hii naikumbuka kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, alisema nyumba ya mtu mmoja haipati joto hata uwashe moto wa namna gani. Mimi nilimwona kama mwanamke aliyezoea kukaa peke yake akajizoeza kusema na kuta.

Kifungo kilishonwa wiki hiyo hiyo. Ndevu zilinyolewa Jumanne iliyofuata. Mimi na masikio yangu ya kujivunia niliyaona yote hayo na sikuunganisha chochote.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja mkanda ulipokatika. Mashine ilikuwa kimya, na Opendi ameketi chini akiushona mkanda, mgongo ameupa mlango. Mukhwana, mwenye mashine, akafika kutoka Tororo bila taarifa. Akabisha hodi, akaita, akaingia, akaita tena akiwa karibu kabisa. Mara ya tano akamgusa bega, na Opendi akaruka kwa mshtuko mpaka sindano ya kushonea mkanda ikamchoma kidole. Mukhwana si mtu mbaya, na nitamgombeza mtu atakayesema hivyo. Aliogopa, uso wake ulionyesha. Alitoka nje akaja kwangu hata uji hakuutaka.

"Mama Lenox, huyu mutu hapana sikia," akaniambia. "Kesho lesu ya mama mmoja nashikwa na mkanda, mama nalia, yeye iko nasaga tu. Mimi nasema nini kwa mabwana yao?"

Akampa Opendi mpaka Jumanne: aende hospitali apimwe masikio, alete barua, na ikiwa barua haisemi vizuri, Jumanne hiyo hiyo mtu mwingine atachukua funguo. Nilijitolea kwenda naye ili nimpazie sauti kule, maana peke yake angejibu kila swali kwa kutabasamu.

Sista Phiona wa kituo cha afya alimkalisha katika chumba chenye dirisha moja, akafunga mlango, akasimama nyuma yake na kunong'ona majina ya matunda. Opendi alikaa kimya akitazama bango la chanjo. Sista akachukua chuma chenye vidole viwili, akakigonga kikalia, akakishika karibu na sikio la Opendi. Hakuna kitu. Halafu akakigonga tena na kukisimamisha kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Opendi akapanua macho na kucheka, kama mtu aliyesalimiwa na jamaa yake mahali asipotarajia.

Sista akanieleza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesikia. Ndani ya sikio kuna vijifupa vitatu vidogo vinavyopokezana sauti, na kimoja cha Opendi kimeganda, katika masikio yote mawili. Lakini nyuma ya hapo kila kitu kizima. Kwa hiyo sauti zote humfikia zimepungua, mngurumo pamoja na maneno. Mahali pa kimya watu husema taratibu, na maneno yao yanaishia njiani. Mahali pa kelele watu hupaza sauti bila kujijua, na ile kelele yenyewe kwake ni ndogo, basi maneno yanapita juu yake. Watu wa namna hii, akasema, husikia kelelani kuliko chumbani.

Nilimwambia hilo haliwezekani, mimi mzima hupata taabu kule. Akaniuliza mbona basi nasikia wateja. Nikamwambia kwa sababu nimezoea. Akasema ndivyo hasa: injini inasema neno moja tu asubuhi hadi jioni, na kichwa cha mtu kikishalijua kinaliweka kando na kufuata kile kinachopanda na kushuka. Masikio mawili yanakuambia sauti inatoka upande gani, macho yanasoma mdomo, na maneno unayoyategemea unayamalizia mwenyewe. Jina lako ndilo halihitaji hata msaada. Sasa, akasema, mchukue mtu aliyefanya hayo miaka kumi na tisa, siku sita kwa wiki, bila la kumshughulisha zaidi ya kumimina mahindi. Akaongeza kwamba hata ile sauti ndogo ya Opendi inatokana na hayo hayo: yake mwenyewe humpitia kwenye mfupa, anaisikia kubwa, ndiyo maana anaipunguza.

Nikamgeukia Opendi, nikainama hadi sikioni.

"Fundi, kule mashineni unasikia?"

"Kidogo," akasema kwa ile sauti yake.

"Kidogo kiasi gani?"

Alitazama viatu vyake. "Vitambulisho viwili," akasema.

Sista Phiona alikuwa anaandika barua, akanyanyua macho kuuliza vitambulisho gani. Nikamwambia ni mambo ya kanisa.

Tulirudi kwa miguu. Nilitaka kukasirika, na kusema kweli nilikasirika hatua kama mia moja hivi. Kisha nikaanza kuhesabu. Mtu huyu alijua mrija, alijua mbuzi, alijua mambo ya mabinti wa watu ambayo siwezi kuyaandika hapa hata leo, na kwa miaka kumi na tisa halikutoka hata moja. Nikamvuta pembeni ya barabara, nikamuuliza sikioni mbona hakutuambia.

"Mama Lenox, mkijua mtanyamaza," akasema. "Pale tu ndiyo nasikia watu. Nje ya pale naona midomo tu."

Nilimhurumia sana. Tulikuwa tumemfanya jalala la kutupia mambo yetu, kumbe yeye alikuwa anayapokea kama wageni. Mukhwana akichukua funguo, hatampokonya kazi peke yake. Atamfungia mlango wa watu wote.

Ningependa kuwaambia kwamba moja kwa moja nilikwenda kumtetea. Lakini nilipofika nyumbani, upande wa Kenya, nilikaa kitandani na kufikiri hivi: ili Opendi abaki, lazima ijulikane kwamba anasikia mashineni. Ikijulikana anasikia, itajulikana amesikia. Nikalala na vitambulisho vyangu chini ya mto.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia, nikawaambia wenzangu wawili, Teopista na Goretti, nyuma ya sufuria yangu ya uji. Teopista akasema kwa upole wa kikanisa kwamba labda Mungu anampa fundi nafasi ya kupumzika, Paya kuna hewa nzuri na muhogo unakubali. Goretti akasema hewa nzuri ndiyo hatari yenyewe: mtu aliyefukuzwa kazi, ana kinyongo, amekaa kwenye kivuli cha kaka zake bila la kufanya, na tumboni ana mbuzi wangu na mrija wako. Wakabishana hivyo, mmoja akitaka aende asionekane, mwingine akitaka abaki asifungue mdomo, na hakuna aliyemtaja Opendi kama mtu. Mimi nami nilikaa kimya, nikikoroga uji ulioiva tangu asubuhi. Kimya hicho sikipendi mpaka leo.

Jumanne Mukhwana akafika na pikipiki. Habari ilikuwa imeenea, jinsi ilivyoenea sijui, ingawa Goretti ana ulimi, kwa hiyo chumba kilijaa wanawake wasio na nafaka ya kusaga. Wengine walikuja na ndoo tupu. Kevina alikuwa amefika na gunia lake, amesimama mahali pake karibu na mdomo wa mashine, na mimi sikuwa nimepata nafasi ya kumwambia lolote.

Mukhwana aliisoma barua ya Sista Phiona mara mbili, akatikisa kichwa. Mutu hapana sikia kwa kimya, nasikia kwa kelele, akasema, hiyo ni dawa gani. Lakini ni mtu wa haki, akataka aone. Akaamuru mashine iwashwe. Opendi akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikashika, na mabati yakaanza kazi yao. Akaambiwa ageuke atazame ukuta. Mukhwana akamwonyesha Teopista kwa kidole aseme neno lolote.

Teopista alisimama kama anayeapishwa. Akasema leo ni Jumanne. Niliisikia mimi kutoka mlangoni. Mukhwana akamgeuza Opendi na kumuuliza kwa mkono: amesema nini?

Opendi alitutazama. Alipitisha macho usoni mwa kila mmoja, taratibu, na alichokiona humo naweza kukisema, maana nilikuwa nacho mimi pia. Aliona tunaomba asijue. Akatikisa kichwa.

Wakajaribu tena, mara hii na Goretti, na Opendi akatikisa kichwa tena. Mukhwana akakunja barua akaitia mfukoni, akanyoosha mkono kudai funguo. Na Opendi, mjinga yule, mpole yule, akaanza kuzifungua kutoka kwenye mkanda wa suruali yake.

Hapo hasira ilinipanda ambayo sijui ilitoka wapi, sijui ni kwake, kwao, au kwangu. Nilipiga kumbo ndoo za watu nikamfikia.

"Fundi, sema! Waambie nina vitambulisho viwili! Huku nina arobaini na sita na kule hamsini na miwili, na umejua siku zote!"

Nilidhani nimelisema sikioni mwake. Sasa ndiyo nikajua tunavyonong'ona mashineni: wanawake arobaini waligeuka, na mmoja kule nyuma akauliza mwenzake kama ile ya Kenya ndiyo ya kweli. Na Opendi akanitazama kwa macho yaliyojaa maji, akatikisa kichwa. Hajui habari za vitambulisho. Alikuwa ananifichia siri ambayo nilikuwa nimeshaitangaza kwa wilaya nzima.

Mukhwana akachukua funguo.

Ndipo Kevina aliposema. Hakumtazama mtu. Alikuwa ametazama ukuta wake kama Jumanne zote, gunia miguuni, na sauti aliyotumia ilikuwa ile ile ya vifungo na ndevu, haikupanda hata kidogo.

"Fundi, zima mashine. Lesu yangu nashikwa na mkanda."

Sijawahi kumwona Opendi akienda hivyo. Alimpiga Mukhwana kikumbo, akaruka gunia, na kabla sisi hatujaelewa neno lilikuwa nini, mkono wa kuzimia injini ulikuwa umevutwa, mkanda umesukumwa ukatoka, na yeye amepiga magoti miguuni mwa Kevina akipapasa upindo wa nguo yake. Injini ikazunguka mara chache kwa uvivu, ikalala. Kikaingia kimya ambacho chumba kile hakijapata kukiona katikati ya asubuhi.

Lesu ya Kevina ilikuwa imekunjwa vizuri, iko kwapani.

Hakuna aliyecheka. Opendi alibaki magotini, uso umepauka chini ya unga. Akasema, nasi tulisikia kwa kuwa palikuwa kimya, kwamba asifanye hivyo tena, amemwogopesha, alidhani amemkuta amekatika. Mukhwana alitazama mkono wa kuzimia, akamtazama Kevina, akautazama umbali uliokuwepo kati yao. Halafu akazirudisha funguo, akazifunga mwenyewe kwenye suruali ya Opendi kama anayemvalisha mtoto. Akasema nyinyi akina mama, mimi nasikia na masikio yangu muzuri hapana jua huyu nasema nini, na yeye nazima. Akaenda kukaa kwenye pikipiki yake na kuomba uji.

Ndani tulibaki tukitazamana. Kila mmoja alikuwa anapitia miaka yake. Teopista alishika ukuta. Mama mmoja aliondoka kimya na ndoo yake, akarudi, akaondoka tena. Mimi nilikuwa sina tena la kupitia, nilikuwa nimeshalisema langu, nikajisikia mwepesi hivyo nikamuuliza Kevina alijuaje.

Akasema alijua tangu kifungo. Alisema kifungo, kikashonwa. Akasema ndevu ili ahakikishe, zikanyolewa. Miaka sita sasa. Goretti akaruka, akamuuliza kwa nini basi alituacha tukijimwaga hivyo mbele ya mtu mwenye masikio. Kevina akasema yetu yalikuwa matamu, naye kule Sikuda hana redio.

Kisha akamgeukia Opendi, ambaye alikuwa amesimama sasa, akipangusa magoti, akitazama midomo yetu bila kupata kitu. Kevina alimwambia neno. Opendi akaweka kiganja sikioni. Kevina akapumua, akakunja mikono ya gauni, akaenda kwenye injini, akaushika ule mkanda akaurudisha mahali pake, akaishika hendeli na kuizungusha mara tatu kwa mikono ile ya jembe. Ikawaka. Hakukuwa na punje tumboni mwa mashine.

"Fabiano," akasema, na hilo jina hatukuwahi kulisikia mdomoni mwake. "Wewe nafikiri mimi nasema na nani miaka hii yote? Sikuda iko na mashine mbili. Mimi napita zote mbili na baiskeli. Kwa nini wewe hapana jibu hata siku moja?"

Midomo ya Opendi ikacheza. Ile ile ya rozari, kidogo kidogo, na unga pembeni. Tulisogea wote, Teopista akiwa mbele, na hakuna aliyeambulia neno. Hata mimi nilisoma mdomo nikakosa.

Kevina alivuta mkono wa kuzimia. Aliungoja mngurumo uishe wote. Halafu akamwonyesha kwa kidole: rudia.

"Nilijibu," Opendi akasema, na katika kimya kile sauti yake ilitosha kabisa. "Nilijibu kila siku. Ile ya kifungo nilisema asante. Ile ya ndevu nilisema asante. Ile ya nyumba ya mtu mmoja, siku ya mvua, nilisema njoo. Nilidhani umesikia ukakataa."

Kevina alikaa juu ya gunia lake. Kwa mara ya kwanza nikaona mwanamke yule hajui aweke wapi mikono. Alitutazama sisi, akautazama ukuta wake, na hatimaye akasema polepole, karibu kwa ndani, kwamba basi amechelewa kufika, lakini amefika.

Opendi hakusikia. Alitega kiganja, akasogea, akatazama mdomo, naye Kevina hakuwa na nguvu za kulisema mara ya pili kwa kelele. Niliikimbilia ile hendeli. Nilizungusha mara moja, nikazungusha mara ya pili, mgongo ukalia, nikajua pale pale kitambulisho kipi kinachosema kweli. Teopista akaja, akaishika. Goretti naye akaja, akaishika. Tukazungusha watatu mpaka ikawaka, na Kevina akasimama akarudia.